Jiwe Katika Mkoba wa Karani

Mkoba ulikuwa mezani na jiwe lilikuwa kando yake. Sajini Melkizedeki Mbwambo, askari kanzu wa kituo cha polisi cha Same, alikuwa akivitazama vitu hivyo viwili tangu asubuhi, na kadiri alivyovitazama ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kuna mtu amemdanganya. Bado hakujua ni nani.

Mkoba ulikuwa wa ngozi ya kahawia wenye vifungo vya shaba, mali ya Asheri Mrutu, karani wa mahakama. Ndani yake ilipaswa kuwamo kamera ya Kijerumani ambayo Asheri alipenda kusema haina mwenzake kuanzia Same hadi Korogwe. Jumamosi iliyopita Chama cha Wapenda Kamera kilikwenda Kisiwani kufanya mazoezi, maana Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, alitaka wapiga picha wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Wanachama walimwomba Asheri, kwa mara ya kwanza, atoe chombo chake wakione. Akaona haya kukataa. Akafungua mkoba mbele ya wote, akatoa jiwe la kusagia ugoro lililozongwa kitambaa.

Aliyeupokea mkoba ule Asheri alipokuwa akishuka kwenye lori, akaubeba, ni Eliaichi, mwalimu kijana wa shule ya Kisiwani. Basi kesi ikawa nyepesi kama unyoya. Asheri aliapa kwamba Ijumaa jioni aliitoa kamera akaipangusa. Wanachama watatu walieleza kwamba Jumamosi asubuhi waliiona begani kwa mwenyewe. Na chumbani kwa Eliaichi polisi walikuta kikopo kitupu cha filamu, ilhali kijana hana kamera. Alipoulizwa, alijibu, "Sina la kusema, afande," na tangu hapo hakuongeza neno.

Bwana Inspekta, Mwingereza aliyependa mashauri yaishe kabla ya chai, alikuwa amekwisha kutoa amri. Kesho alasiri treni ya kwenda Moshi ingepita, na Eliaichi angepanda na pingu kwenda kwa hakimu. Mwalimu akifungwa kwa wizi hafundishi tena, wala Upare hakuna wa kumpa binti.

"Kesho, Sajini," alikuwa amesema. "Kama una jambo, uwe nalo kabla ya treni."

Melkizedeki aliugeuza mkoba kuelekea dirishani. Ndani ulitandikwa mahameli nyekundu, na mahameli hiyo ilikuwa imelala kwa umbo la jiwe. Alipoipapasa kwa kidole haikusimama. Siku alipoletewa mkoba, alikuwa ameweka kidau cha wino juu ya upande mwingine wa mahameli hiyo hiyo. Sasa alikiondoa, akapapasa mara moja, na manyoya yakainuka yote.

Kwa hiyo jiwe halikuingia mkobani Jumamosi. Lilikuwa limekaa humo muda mrefu, pengine tangu mvua za masika. Akafungua mlango, akaagiza mashahidi watatu waletwe, mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Tumainieli, karani wa shamba la mkonge. Kila kipya kilichoingia madukani Tanga alikuwa nacho: kipima mwanga, miguu mitatu ya kusimamishia kamera, vioo vya rangi vya kuvalisha lenzi, na kofia maalumu ya kuvaa wakati wa kupiga. Alikuwa na mpagazi wake wa vitu hivyo, ambaye sasa aliachwa nje na mzigo. Kwa miaka miwili Tumainieli alikuwa akijaribu kuipiga picha Shengena, na kila mara alipomaliza kufunga vyombo vyake mlima ulikuwa umekwisha kujifunika mawingu.

"Jumamosi asubuhi uliiona kamera ya Asheri?" aliuliza Melkizedeki.

"Niliiona, Sajini. Begani."

"Ikoje?"

"Ya kahawia. Ina vifungo vya shaba."

"Huo ni mkoba."

Tumainieli alitafakari. "Sajini, mtu habebi mkoba mtupu. Mimi ninayo mikoba mitano, na yote imejaa."

"Imejaa nini?"

"Mikoba midogo," alisema Tumainieli, bila kucheka.

Wa pili alikuwa Gideoni, bwana shamba. Huyu aliingia akiwa ameunganisha vidole vya mikono miwili mbele ya jicho, akampima Sajini kupitia mwanya ule, akasogea hatua moja kushoto, akaridhika. Hakuwa na kamera. Alikuwa anangoja ya mwakani, ambayo ingekuwa bora kuliko ya mwaka huu, na mwaka jana pia alikuwa anangoja.

"Nieleze kamera ya Asheri," alisema Melkizedeki.

Gideoni alieleza. Alitaja lenzi na kampuni iliyoisaga, alitaja kasi ya kufunga na kufungua, alitaja idadi ya parafujo. Alieleza sauti inayotoa inapofyatuliwa, akaiga kwa ulimi. Melkizedeki alimwacha amalize.

"Sauti hiyo uliisikia lini?"

"Ipi?"

"Ya kamera ya Asheri."

"Ah, mimi nimeisoma," alisema Gideoni. "Imeandikwa katika jarida la Nairobi kwamba inalia hivyo. Kuisikia, sijaisikia."

"Na kuiona?"

"Picha yake nimeiona. Kubwa, ukurasa mzima."

Wa tatu alikuwa Mzee Simeoni, fundi mstaafu wa misheni, mwenye kamera ya boksi aliyopewa na mmisionari kabla ya vita vya kwanza. Kwake kamera zote zilizokuja baadaye ni ubatili mtupu. Alikuwa amewapiga picha karibu watu wote wa Same, kuanzia mabegani kwenda chini, na wenyewe walijitambua kwa viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa mbali na dirisha, utaniharibia mwanga."

"Leo hatupigi picha, mzee. Nataka kujua kama umewahi kuiona kamera ya Asheri."

"Kwani nani amewahi?" alisema Mzee Simeoni. "Nimeuona mkoba. Unakwenda kanisani kila Jumapili, unakalishwa kwenye benchi, mtoto akisogea anapigwa kofi. Kamera yenyewe hata sijui inafanana na nini."

"Mbona ulimwambia askari uliiona?"

"Aliniuliza kama Asheri alikuwa na kamera yake. Nikasema alikuwa nayo, kama siku zote. Ningejuaje kwamba anabeba jiwe?"

Melkizedeki alimsindikiza mzee hadi mlangoni. Ushahidi wa watu watatu ulikuwa umekufa hapo hapo, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekusudia uongo. Waliojuana kwa vyombo walikuwa wameona chombo. Alibaki mmoja.

Asheri aliletwa kutoka mahakamani akiwa amevaa tai. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye leso ya kupangusia miwani na leso nyingine ya kupangusia leso ya kwanza. Alipouona mkoba uko wazi mezani, alisogea akaufunika.

"Vumbi, Sajini."

"Ulifungua lini mkoba huo kabla ya Jumamosi?"

"Nimeshaeleza. Ijumaa jioni."

Melkizedeki aliufungua tena, akamwonyesha mahameli, kwanza upande wa jiwe, kisha upande wa kidau. Hakueleza chochote. Karani wa mahakama huona vielelezo kila siku, na Asheri aliangalia kwa muda mrefu.

"Akiba haiozi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Lini, Bwana Asheri?"

"Krismasi. Nilifunga mlango na madirisha, nikaitoa. Nikaitazama. Nikairudisha." Alipangusa miwani. "Sajini, unalijua vumbi la Same. Likiingia kwenye lenzi, basi tena."

"Umeipigia picha ngapi?"

"Bado sijatia filamu. Filamu nayo huchubua."

"Kwa nini ulisema Ijumaa?"

"Nilikuwa nimewaambia wale wenzangu kwamba naipangusa kila Ijumaa. Ningesema Krismasi mbele yao? Wangenicheka mpaka nife." Akamtazama Melkizedeki usoni kwa mara ya kwanza. "Nilidhani kijana ameiba kweli. Kama ameiba, Ijumaa au Krismasi kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba anapelekwa gerezani kwa neno lako," alisema Melkizedeki. "Nani mwingine huingia chumbani mwako?"

"Hakuna. Mke wangu tu, na yeye yuko kwao Mbaga tangu masika. Alikwenda kumuuguza mama yake. Mama amekwisha kufariki, tumezika, yeye amebaki kwenye matanga."

"Pole. Kabla hajaondoka, alikuomba chochote?"

Asheri alikunja leso. "Aliomba nipande na kamera nikampige picha mama. Mama hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Nilimwambia ukungu wa Mbaga si wa mchezo. Ukiingia ndani ya kioo, hautoki."

"Mazishini ulikwenda na mkoba?"

"Nilikwenda nao."

"Ulipiga picha?"

"Kwenye mvua ile, Sajini?"

Melkizedeki alimfikiria mwanamke aliyesimama kaburini kwa mama yake, akiutazama mkoba begani kwa mumewe, akijua kilichomo. Kisha akaagiza Landrova kwa ajili ya kesho alfajiri.

Barabara ya Mbaga huanza na vumbi na kuishia na matope. Walipofika, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na mbele ya nyumba ya marehemu wanawake walikuwa wakipakua makande kwa watu wa matanga. Eliwaza, mke wa Asheri, alikuja mwenyewe kumpokea. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, amejifunga kaniki, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kwa kulia.

"Pole na msiba, Mama Eliamini," alisema Melkizedeki.

"Nimeshapoa. Karibu makande."

"Nitakula. Kwanza nimekuja kuchukua kamera."

Hakushtuka wala kukana. Aliingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa katika kanga mbili na kipande cha blanketi, akakipakata kama anayepakata mtoto mchanga.

"Amejua?" aliuliza.

"Amejua kwamba haipo. Mwalimu Eliaichi yuko rumande kwa ajili yake tangu Jumamosi. Leo alasiri anapelekwa Moshi."

Hapo ndipo aliposhtuka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaweka mkono kinywani.

"Mwalimu hakusema?"

"Hajasema neno."

"Mama ndiye aliyemfunga mdomo," alisema Eliwaza. "Nilimwomba mwalimu apande, kwa sababu katika wale wote ndiye peke yake ambaye, akiazimwa kamera, hupiga picha watu wakaonekana. Filamu alinunua yeye. Alipomaliza, mama akamshika mkono, akamwambia, 'Mwanangu, usimtaje binti yangu kwa mumewe. Atakayesema ni yeye mwenyewe.' Mwalimu akaahidi. Na ahadi uliyompa mgonjwa, akishakufa unaivunjaje?"

"Na wewe ulikusudia kusema lini?"

"Siku ya mazishi nilitaka niirudishe kimya kimya. Lakini ningeitiaje? Nyumbani huuacha chumbani, lakini safarini mkoba hautoki begani, hata akilala." Alifunua pembe ya kanga, akafunika tena. "Mama yangu yumo humu ndani, Sajini. Mwalimu alisema tusiifungue, mwanga ukiingia kila kitu kinafutika. Likizo angeipeleka Moshi kwa Mhindi anayesafisha filamu. Mama ameketi mlangoni hapa nilipokaa. Na nyingine anacheka, maana mwalimu alimwambia asicheke."

Melkizedeki alitazama ngazi, akatazama kile kifurushi. Alijua sasa kwamba kijana atatoka, na alifurahi. Alikula makande haraka, akamwambia Eliwaza ajiandae kushuka naye.

Njiani Eliwaza aliipakata kamera magotini, na kila Landrova iliporuka kwenye jiwe aliinyanyua juu.

"Mwambie mume wangu asiifungue," alisema walipofika Kisiwani.

"Siwezi kumwambia, mama. Ni kanuni. Mwenye mali haambiwi lolote kuhusu kielelezo kabla hajakitambua. Nikimwambia, Inspekta atasema nimemfundisha shahidi, na mwalimu atabaki ndani."

"Na akifungua?"

Melkizedeki alilipima jambo hilo kama alivyopima mengine yote. Mtu aliyeshindwa kufungua mkoba tangu Krismasi, kwa hofu ya vumbi, leo afungue kamera yenyewe katika kituo cha polisi, barabarani, mchana wa jua kali? Haikuwa na mantiki.

"Hataifungua," alisema. "Namjua mtu wa namna ile."

Gwaride la utambulisho lilifanyika ofisini kwa Inspekta, na lilikuwa la kwanza Same kuwa la kamera. Kanuni inataka kinachotambuliwa kichanganywe na vya namna yake, kwa hiyo kamera mbili za Tumainieli ziliazimwa, na boksi la Mzee Simeoni, vyote vikapangwa juu ya meza pamoja na ya Kijerumani. Wenye kamera walitaka kuwapo ili mali zao zisichanganywe. Gideoni hakuwa na mali, lakini alikuja. Eliwaza aliambiwa angoje kwenye benchi barazani, maana naye ni shahidi. Eliaichi alisimama mlangoni kati ya askari wawili, bila pingu, ndevu zimeanza kumwota. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka Makanya, stesheni ya kabla ya Same.

"Kuna kamera yako hapa?" aliuliza Inspekta.

Asheri hakutazama nyingine. Alikwenda moja kwa moja, akaweka mkono juu ya yake, na macho yake yakalengwa na machozi. Hakuona aibu hata kidogo.

"Hii, Bwana."

"Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyomjua mwanangu."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Melkizedeki alisoma maelezo ya Eliwaza kwa sauti, neno kwa neno hadi mahali anaposema aliitoa kamera chumbani kabla ya kwenda Mbaga, na kwamba mwalimu hakuiba bali aliombwa. Inspekta alinyoosha mkono akataka kalamu. Mzee Simeoni akasema kwamba kwa boksi mambo haya yasingetokea. Tumainieli akauliza kama kamera ilivalishwa kioo cha manjano kule kwenye ukungu. Melkizedeki aliinama kuonyesha mahali pa kutia sahihi ili mahabusu aachiliwe. Baada ya sahihi hiyo kanuni isingemfunga tena mdomo, na neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wake.

Lakini Asheri alikuwa amesikia jambo moja tu katika yote yaliyosomwa. Mbaga. Tangu masika kamera yake ilikuwa ndani ya ukungu, imefungwa kwa blanketi. Aliigeuza, akaipuliza, akaisogeza dirishani penye jua, akabonyeza kidude, akaufungua mgongo wake ili aone kama unyevu umeingia.

"Usifungue!" alipiga kelele Eliaichi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumamosi. Asheri aligutuka, akainua macho, kisha akatazama tena ndani ya kamera. Aliona mkanda. Alijua kwa hakika kabisa kwamba hakuwahi kutia kitu humo, na alichokiona mbele yake kilikuwa uchafu unaochubua. Akaushika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula, akauvuta. Ukatoka, ukaendelea kutoka, ukajikunja sakafuni kwenye mwanga wa dirisha.

"Lakini mimi sikutia filamu," alisema.

Gideoni, aliyejua yote yaliyoandikwa kuhusu filamu, alifumbua mdomo akaufumba.

Eliwaza alikuwa amesikia kelele ya mwalimu. Aliingia bila kuitwa, na askari hakumzuia. Alimwona mumewe, akaona mkanda sakafuni. Aliinama akauokota, akauviringa mkononi taratibu, akamsogelea Eliaichi.

"Mama yuko wapi hapa, mwalimu?"

Eliaichi alitaka kumweleza, akaacha. Aliupokea mkanda, akaupapasa kwenye vitundu vyake vya pembeni hadi akafika mahali.

"Hapa ameketi mlangoni," alisema. "Na hapa anacheka."

Mahali pale palikuwa na rangi ya majivu, kama mkanda wote. Eliwaza alipatazama kwa muda mrefu.

Melkizedeki alisimama na karatasi ya sahihi mkononi. Kesi yake ilikuwa imekwisha, kijana alikuwa huru, mali imepatikana, kanuni zote zimefuatwa. Aliona aibu iliyomchoma, na hakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa yeye aliyesema anamjua mtu wa namna ile. Nje treni iliingia stesheni, ikasimama, ikaondoka.

Asheri alielewa wa mwisho. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo. Akaufunga mgongo wa kamera, akamsogelea mkewe, akamnyooshea kwa mikono miwili, bila mkoba, bila leso.

"Ichukue, Mama Eliamini," alisema. "Ni yako. Piga picha utakavyo, hata kwenye ukungu."

Eliwaza hakunyoosha mkono.

"Nimpige picha nani?" aliuliza.